Nilivyompelekea Mama Piano Kinyala

Tangu nirudi, kila ninayekutana naye sokoni ananishika mkono na kuniuliza kama ni kweli nilimlilia mama yangu msiba huku mwenyewe amekaa anakunywa chai. Si kweli. Mimi sikulia. Waliolia ni watu wa Kinyala, Igogwe na sehemu kubwa ya Lufingo. Mimi nilikuwa napiga piano. Lakini naona kila mmoja wenu amepata kipande chake cha habari na kukitia chumvi, kwa hiyo nimeamua kuandika yote tangu mwanzo, mpitishiane, mniache ninunue nyanya kwa amani.

Kwa asiyenifahamu, naitwa Atupele na kazi yangu ni kupiga piano. Nikisema hivyo watu huniuliza napiga kanisa gani. Sipigi kanisani. Nimeishi miaka mingi kwa kupiga muziki wa watunzi wa Ulaya wa zamani, kwenye kumbi ambazo watu hukaa kimya na kukohoa kwa zamu. Nimetoa diski nne. Ya kwanza tuliirekodi Ujerumani ndani ya kanisa wakati wa baridi, na ukisikiliza vizuri utasikia meno yangu yakigongana. Ya pili niliirekodi Arusha, na hiyo ndiyo watu waliipenda. Ya tatu, aliyeinunua kwa wingi ni mimi mwenyewe. Ya nne iko kwenye simu tu, huwezi hata kuifunga zawadi.

Mwaka huu vidole vya mkono wangu wa kulia vimeanza kukakamaa. Daktari alivikunja, akavikunjua, akasema, "Kupika utapika. Kupiga jukwaani, sikuahidi." Nilipotoka pale nilimfikiria mama yangu, Subilaga, ambaye hajawahi kuniona nikipiga hata siku moja. Nilipokuwa mtoto najifunza kwa sista mmoja mzungu kule nyumbani, yeye alikuwa shambani. Nilipokuwa Ulaya, yeye alikuwa kijijini kwetu Kinyala. Dar alikuja mara moja, joto likamwangusha kabla ya onyesho, akaapa hatarudi. Kisha akaugua mapafu, akalazwa, akapona. Kaka yangu Gwakisa akapiga simu kusema wanaandaa shukrani ndogo, watu wachache tu. Nikaona hapo hapo: kama Mama haji kwenye piano, piano itaenda kwa Mama.

Dar es Salaam hadi Mikumi

Shabani ni dereva wa lori linaloleta ndizi kutoka Tukuyu. Kurudi hupanda na saruji. Alikubali kunibebea piano nyuma ya saruji, na mimi mbele, kwa sababu nilikataa kuiacha iende peke yake. Tuliivika mablanketi, tukaizungushia godoro, tukaifunga kamba mpaka ikaonekana kama mgonjwa wa ajali.

Tulipotoka nje ya jiji, Shabani akashindwa kuvumilia.

"Dada, nisamehe. Hiki kitu kazi yake nini?"

"Kinapigwa. Ni cha muziki."

"Kama kinanda cha kanisani?"

"Ni ndugu yake. Hiki hakitumii umeme."

"Ahaa. Cha zamani." Akanionea huruma. "Na wewe unaimba?"

"Siimbi. Napiga tu."

"Sasa nani anaimba?"

"Hakuna anayeimba."

Alilitafakari hilo mpaka tukaipita Chalinze. Kisha akauliza swali ambalo hakuna mwandishi wa habari aliyewahi kuniuliza: "Sasa watu wanajuaje kuwa wimbo umeisha?"

Nilimwambia ukweli, kwamba hata Ulaya wengi hawajui. Kila mtu anamtazama jirani yake, na yule wa kwanza kupiga makofi kimakosa huona aibu mpaka anafika kwake. Shabani alicheka nusura aingie mtaroni. Akataka kujua watunzi wa hizo nyimbo ni akina nani. Nikasema wamekufa. Akauliza, "Wote?" Nikasema karibu wote. Akatikisa kichwa, akaniambia nisimwambie mtu mwingine, watu wataogopa kupanda lori.

Mikumi hadi Uyole

Mikumi tulikaa tangu asubuhi mpaka jua linaelekea kuzama, kwa sababu springi ya nyuma ilivunjika. Nilikula chapati na supu, nikala tena, na kila aliyepita akasimama kuuliza tumebeba nini. Shabani alieleza habari ya piano kwa watu wa mwanzo, wakaleta maswali yale yale ya kuimba. Baadaye akachoka. Askari wa barabarani alipouliza, akajibu bila kupepesa macho, "Friji." Askari akaridhika na kuturuhusu.

"Umeona?" Shabani akaniambia. "Friji halina maswali."

Kuanzia hapo piano yangu ikawa friji. Ikawa friji Iringa, ikawa friji Makambako. Kwenye mlima wa Kitonga lori lilikuwa linapanda taratibu, na kila tukiingia shimoni nyuzi za ndani zilikuwa zinalia zote kwa pamoja, mlio mzito wenye mwangwi. Abiria mmoja wa basi lililotukaribia alitoa kichwa dirishani kutafuta sauti inatoka wapi. "Dada," Shabani akasema bila kugeuka, "friji linaongea."

Uyole hadi Tukuyu

Uyole tuliacha barabara kuu, tukashika ya kusini, na hapo hapo mvua ikatupokea. Wanaotoka kwetu wanajua. Mvua ya Rungwe haina haja ya wingu kubwa, inaanza tu kama mtu aliyekuwa anaendelea na mazungumzo. Nilifungua dirisha nikanusa majani ya chai na moshi wa jikoni, nikasahau vidole.

Tukuyu tulikwenda moja kwa moja nyumbani kwa Shabani kushusha saruji. Mke wake, Zuhura, alitoka mlangoni. Akaniona nikishuka kwenye kiti cha mbele na kanga zangu na begi langu. Akaangalia nyuma ya lori, akaona godoro. Akaona umbo la friji. Majirani nao wakaona.

"Karibu," Zuhura akaniambia kwa sauti iliyoganda. "Karibu mwenzangu. Naona umekuja na vyombo kabisa."

Sikuelewa. Nilimshukuru, nikasema kweli vyombo ni vizito na kama kuna vijana wa kunisaidia nitafurahi. Nikaongeza kuwa Shabani amenitunza vizuri sana njiani. Shabani alikuwa amejiziba uso kwa kofia.

"Mke wangu," akasema, "huyu dada ni mtu na wajukuu wake. Nimempa lifti."

"Lifti na godoro?"

Ilichukua muda, na ilibidi nimtaje Mama, na ukoo wetu, na kaka yangu Gwakisa, mpaka Zuhura akagundua kwamba alisoma na binti wa shangazi yangu. Hapo akaangua kicheko, akakaa chini barazani, akacheka mpaka ushungi ukamshuka begani. Alinipikia mbalaga, ndizi zimelainika na nyama ndani yake, akanipa na maziwa mgando, akaniongeza bila kuniuliza. Nikiwa nakula nilimsikia jikoni akimpigia simu rafiki yake wa Igogwe kumtuliza, maana habari ilikuwa imeshatangulia. "Hapana, shoga, si mke. Ni friji tu. Friji kubwa hilo, linakuja huko kwenu kesho."

Nilisikia, nikameza tonge. Sikujua rafiki mwenyewe alikuwa nani.

Igogwe

Rafiki huyo wa Zuhura alikuwa mjumbe wa kikundi cha wafugaji wa maziwa cha akina mama, na kikundi hicho kilikuwa kimeahidiwa friji la kupozea maziwa tangu zamani, na wahisani ambao hawakuonekana tena.

Kesho yake tulikunja kona ya Igogwe, tukakuta barabara imejaa. Akina mama wamevaa vitenge vya sare, ndoo za maziwa zimepangwa, vigelegele vinapanda. Walikuwa wametunga wimbo. Kiitikio kilikuwa kinalishukuru friji. Kabla Shabani hajazima injini, wanaume walikuwa wameshapanda nyuma na kukata kamba zangu, na mwenyekiti wao, Mama Tumpe, mwanamke mpana mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya bonde, akanikumbatia, akanisalimia na kunishukuru kwa Kinyakyusa.

"Mugonile, mama! Ndaga fijo! Tulijua hamtatusahau. La lita ngapi?"

Kabla sijajibu wanaume wakavuta blanketi la mwisho, mmoja akainua mfuniko. Funguo nyeupe na nyeusi zikaonekana.

Wimbo ukakatika.

"Mbona lina meno?" Mama Tumpe akauliza.

Nikaeleza. Nilitamani Shabani anisaidie, lakini alikuwa amepata kazi ya ghafla ya kukagua matairi. Walinisikiliza kwa adabu, na adabu ile ndiyo iliyonichoma. Mwanamke mmoja wa nyuma akauliza polepole, "Na haligandishi kabisa?"

"Haligandishi," nikasema.

Kisha Mama Tumpe akafunga kitenge chake upya kiunoni. "Basi lipige tusikie. Tumeshaimba, hatuwezi kurudi nyumbani hivi hivi."

Nilipanda juu ya lori, nikakaa kwenye mfuko wa viazi, nikapiga dansi moja ya haraka ya kwenye diski ya tatu, ile ambayo sikuwahi kuona mtu akiifurahia. Sauti zilikuwa zimehama mahali pake kwa mitikisiko ya njia nzima. Lakini akina mama hawakujali. Walianza na mabega, wakaja miguu, wakaingiza vigelegele mahali ambapo mtunzi hakuviandika na ambapo, kwa kweli, vilikuwa vinahitajika. Walinifanya nirudie mara mbili.

"Unampelekea nani?" Mama Tumpe akaniuliza, anahema.

"Mama yangu. Subilaga wa Kinyala."

"Yule aliyelazwa? Anayenisema kila wiki kwamba maziwa yangu yana maji?"

"Huyo huyo."

"Basi tutampelekea," akasema. "Nataka nione uso wake."

Igogwe hadi Kinyala

Lori lilikwama mlima wa kwanza. Utelezi ulikuwa wa kumwangusha hata mbuzi. Wanaume wakakata miti, wakaifunga chini ya piano, wakaiinua mabegani, na akina mama wakaifunika kwa majani ya migomba. Mimi nilitembea nyuma nikisema "taratibu, taratibu" mpaka mbebaji mmoja akaniomba nitangulie mbele.

Kila nyumba tuliyopita watu walitoka nje. Mama Tumpe alijibu maswali yao yote. Sijui alikuwa anasema nini kwa Kinyakyusa cha haraka namna ile, lakini kila mara walinitazama mimi, kisha wakacheka.

Karibu na kijito, mbebaji wa kushoto aliteleza. Piano ikalala ubavu kwenye migomba na kutoa mlio kama sahani zote za harusi zimeanguka pamoja. Nilifumba macho. Nilipoyafumbua ilikuwa imeshasimamishwa, ina matope mashavuni, na Shabani anaifuta kwa kofia yake. Baadaye nikagundua ufunguo mmoja wa katikati umekufa. Unabonyea, hausemi.

Mama alikuwa amekaa mlangoni, amekonda, amejitanda shali. Akaitazama piano ikiingia uani.

"Ni kubwa hivi?" akasema. "Miaka yote nilidhani unapiga kitu cha kupakata."

Kisha akamwona Mama Tumpe, na wakaanza habari ya maziwa.

Kinyala

Siku iliyofuata niliimaliza nikikaza nyuzi na kurudisha sauti mahali pake, ila ule ufunguo uliokufa. Asubuhi ya shukrani Gwakisa alikuwa amefunga turubai uani. Wageni walikuwa wachache kama alivyosema. Akaja pia Ambakisye, mwenye spika za kukodisha, mwanamume wa makamo aliyevaa tai. Alinisalimia kwa heshima iliyozidi kiasi, akaniambia amenisikiliza kwa miaka mingi na kwamba rekodi yangu ndiyo inayolisha watoto wake. Nilidhani ananisifu tu. Akatumbukiza maikrofoni ndani ya piano na kugeuza spika zake kubwa zielekee bondeni.

Nilichagua kuanza na kipande kile cha taratibu cha kwenye diski ya pili. Ndicho watu wanachokijua, na mwanzo wake hauvitesi vidole. Nikapiga sauti za kwanza.

Wageni wakaacha kutafuna. Mzee mmoja akavua kofia. Wote wakageuka kumtazama Mama, na Mama akainua kikombe, akanywa, akanifanyia ishara ya mkono: endelea. Nikaendelea. Nilijisemea kuwa kumbe watu wa kwetu wana usikivu kuliko wa Ujerumani.

Kilio cha kwanza nilikisikia ng'ambo ya bonde. Kingine kikaitikia upande wa Lufingo. Nikainua macho nikaona watu wanashuka mlimani kati ya migomba, mbio, wanawake wamefunga kanga kichwani, wanaume wana kuni mabegani, mtu ana mkungu wa ndizi, mtu ana jembe. Wakaingia uani wakijitupa chini. Mbele yao alikuwa mwanamke mzee, Bibi Anyisile, jirani ambaye yeye na Mama hawakusalimiana tangu ng'ombe wake aingie kwenye maharage yetu.

"Subilaga we!" alikuwa analia, amejishika kichwa. "Umeniachia nani? Nani atanisema sasa? Nilisema Jumamosi nitakuja kuomba yaishe, kila Jumamosi nasema, Subilaga we..."

Akainua uso. Mama alikuwa mbele yake na kikombe.

"Endelea, Anyisile," Mama akasema. "Hapo pa kuomba yaishe sijapasikia vizuri."

Sitaweza kuwaeleza kelele zilizofuata. Kuna aliyekimbia kurudi alikotoka. Kuna mwenye duka aliyekasirika kwa sababu amefunga duka. Bibi Anyisile alimpiga Mama kwa kanga, mara ya kwanza, mara ya pili, kisha akaangukia magotini pake akalia kilio chenyewe hasa, na Mama akawa anampapasa mgongo, anasema, "Basi, basi, nipo."

Mimi nilikuwa nimeacha kupiga. Ambakisye ndiye aliyenieleza. Miaka ya nyuma, kila ukitokea msiba, watu wa kanisa la juu na wa kanisa la chini walikuwa wakigombania nyimbo gani zipigwe kwenye spika. Mama akampa rekodi yangu, akamwambia, hii haina maneno, hakuna wa kuikataa. Tangu siku hiyo kipande kile ndicho kinachotangaza msiba. Kikisikika kwa mtu, watu wanabeba kuni wanakwenda kwake.

"Mama, ulijua!" nikamgeukia. "Mbona hukunizuia?"

"Nilitaka kuona nani atakuja," Mama akasema. Akawapitia kwa macho, mstari kwa mstari. "Wa kule juu kwa fundi cherehani simwoni. Sawa." Kisha akanitazama mimi. "Mbona umeacha? Mwisho wake sijawahi kuusikia. Ambakisye hukikata katikati, chakula kikiiva. Na siku yangu yenyewe ikifika sitasikia kitu. Piga mpaka mwisho."

Mwisho wake ndio niliokuwa nauogopa. Mkono wa kulia unatakiwa kukimbia, na daktari alikuwa ameshaniambia habari ya mkono wa kulia. Nikakaa. Ua mzima ulikaa, chini, kwenye kuni zao, kwenye matope. Nikaanza upya. Kila nilipofika kwenye ufunguo uliokufa, palikuwa na pengo, na katika pengo lile niliwasikia watu wote wakivuta pumzi. Nilipofika mahali pa kukimbia, kidole cha nne kilikataa. Nikakosea, nikakosea tena, nikapita, vidole vinauma kama vimetiwa motoni, na muziki ukatoka kwenye giza lake ukaingia kwenye ile sehemu ya mwisho ambayo ni nyepesi, karibu ya kucheza. Nikamaliza. Nikaweka mikono mapajani.

Hakuna aliyepiga makofi. Msibani watu hawapigi makofi, na hakuna aliyekuwa na hakika kama huu ni msiba au si msiba. Mzee yule aliyevua kofia akainuka, akanijia, akanishika mkono wa kulia kwa mikono miwili. "Pole," akasema. Nyuma yake akasimama mwingine. Watu wote wakapanga mstari, kila mmoja akanibana vidole vyangu vinavyouma na kunipa pole, kisha akaenda kwa Mama kumpa pole naye, na Mama akawa anajibu, "Nimeshapoa, asante, kaa ule."

Baada ya watu kutawanyika kwenye sahani, Mama alinisogelea. Machozi yalikuwa yamemkauka mashavuni, sikuwa nimeyaona yakitoka.

"Kumbe mwishoni kinachangamka," akasema.

Kurudi

Piano nimeiacha. Iko kwenye nyumba ya kukusanyia maziwa, pale penye sakafu ya saruji iliyonyooka, na Mama Tumpe amenihakikishia kuwa hakuna atakayeweka ndoo juu yake. Nilirudi na Shabani, nimekaa kati ya yeye na mkungu wa ndizi wa Zuhura, na safari hii hatukuharibikiwa na kitu isipokuwa mazungumzo, maana alinitaka nimweleze kila mtunzi alikufa kwa ugonjwa gani.

Juzi Mama amepiga simu. Alikuwa na kelele nyuma yake. Wamekaa kikao, anasema, kwa sababu kipande kile sasa hakifai: kilipopigwa kwa msiba wa kweli wiki iliyopita, watu walibaki majumbani mwao wakisema ni Atupele amekuja kumpigia mama yake. Wanataka nirekodi kingine. Kisiwe na maneno, kiwe kirefu, watu wa Lufingo wanatoka mbali.

"Mama, vidole vyangu haviwezi tena," nikamwambia.

"Tumia vile vinavyoweza. Na usichelewe, Anyisile anakohoa."

"Nani anakohoa?" nikaisikia sauti ya Bibi Anyisile karibu na simu. "Mwambie huyo mama yako atangulie yeye!"

Simu ikakatika. Nimeanza mazoezi jana.